Jiwe Lililolala Kifudifudi

Pietrafosca, 14 Machi 1956

Kaka yangu Petru,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Lucienne. Natumaini goti lako limepata nafuu sasa baridi ya Marseille inapopungua. Sisi tupo. Baba anakula, analala, anagombana na redio. Macho yake yamebaki ya kutofautisha mwanga na kivuli tu, lakini bado anajua kwa harufu kama jibini limekaa siku moja kupita kiasi. Kondoo wamezaa vizuri, ila mmoja amemkataa mwanawe na mimi ndiye mama yake sasa, namnywesha kwa chupa. Shangazi Maddalena tulimzika Jumanne iliyopita. Mvua ilinyesha, tukaomboleza chini ya miavuli, na jina lako likatajwa pamoja na wasiokuwepo.

Sasa lililonifanya niandike. Kuna mwanamke wa kutoka bara, huko upande wenu wa bahari, Bi Delorme, anavaa suruali na amepanga chumba kwa mjane wa posta. Kazi yake ni kutafuta mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale. Alipofika kwenye kijito chetu, pale tunapovuka kwenda zizi la juu, akalitazama lile jiwe refu la daraja, akavua viatu, akajilaza majini na kupapasa chini yake. Alitoka amelowa chapachapa, anacheka peke yake. Aliponiomba ruhusa nilimpa. Kesho yake wakaja wanaume wanane na maksai wa Ghjacintu, wakaligeuza.

Petru, lina uso. Lina macho, pua na kidevu. Chini ya shingo pamechongwa upanga. Ile mistari ya juu tuliyodhani imesuguliwa na kwato ni mbavu za mgongo wake. Wanaume walivua kofia. Ghjacintu, asiyeogopa kitu ila mkewe, akauliza, "Huyu ni mume au mke?"

Nilipomweleza Baba aliuliza neno moja tu: "Nani kawaruhusu?" Nikasema ni mimi, nikiamini jiwe ni jiwe. Akageukia ukutani. Leo siku ya nne hasemi nami. Daraja lile lilipolazwa mimi nilikuwa mtoto, wewe ulikuwa kijana mkubwa. Unajua lolote? Maana mimi sielewi nimekosa nini.

Nduguyo,
Orsula


Marseille, 29 Aprili 1956

Mdogo wangu Orsula,

Barua yako ilifika zamani, nisamehe. Salamu zangu kwa Baba na kwa wote wanaoniulizia. Lucienne hajambo, anakusalimu, anasema ile soseji ya maini uliyotuma wakati wa Noeli majirani bado wanaizungumzia. Goti langu ni lilelile. Kiwandani wamenihamisha kutoka kwenye mapipa ya kuchemshia sabuni, sasa nakaa na mhuri nagonga vipande, siku nzima nimeketi kama padri kwenye kitubio. Nimesikitika kwa Shangazi Maddalena. Alikuwa akinificha mimi nyuma ya sketi zake nilipofanya makosa.

Natuma vidonge vya Baba na blanketi. Vidonge ni kimoja asubuhi na kimoja jioni, asitafune.

Kuhusu lile jiwe, waambie walirudishe lilivyokuwa. Watu watavukia wapi?

Kakako,
Petru


Pietrafosca, 11 Mei 1956

Kaka Petru,

Salamu kwenu. Vidonge vimefika, Baba anavitafuna. Hapa joto limeanza, tumekwisha kukata manyoya ya kondoo, na yule mwanakondoo wa chupa ananifuata mpaka kanisani, watu wanacheka.

Umeniandikia kurasa mbili, na jiwe umelipa mstari mmoja. Watu wanavukia ubao, usihofu. Jiwe limesimamishwa kando ya kijito na kukazwa kwa mawe madogo. Bi Delorme anasema lina miaka elfu tatu au zaidi. Meya ameshika tama siku tatu, halafu akatangaza kwamba tutapata barabara ya lami, kwa kuwa wageni hawatapanda huku kwa punda. Kila mtu ana hesabu yake. Mke wa Ghjacintu anataka kufungua mkahawa.

Baba aliniomba nimpeleke. Nilimshika mkono, tukaenda polepole. Akaweka kiganja kwenye uso ule, akasema, "Faustina." Nikasema, "Baba, hili ni jiwe." Akasema, "Najua ni jiwe. Mimi si mwendawazimu." Na machozi yanamtoka.

Mwanzoni nilidhani ni uzee. Lakini usingizi umekataa. Mama hakuacha picha. Wewe unajua kwamba nilikuwa na miaka sita alipofariki, na kuhusu msimu ule sikumbuki chochote, si maziko, si kuondoka kwako. Uso wa Mama siujui. Nikikutana naye njiani nitampa salamu ya mgeni na kupita.

Ndani ya bahasha hii kuna picha aliyopiga Bi Delorme. Itazame. Je, ni yeye? Na kama ni yeye, inawezekanaje, jiwe la miaka elfu tatu? Nijibu, tafadhali, na goti liache kwanza.

Orsula


Marseille, 17 Juni 1956

Orsula,

Nawasalimu. Sisi wazima.

Picha nimeiweka chini ya kitambaa cha meza, nikaitoa, nikairudisha. Lucienne ameniuliza ni mwanamke gani. Nimemwambia ni jiwe, hakuniamini.

Nitakueleza. Mwaka 1924 tulishuka uwandani kuvuna, kama kila mwaka, na homa ya malaria ikamshika Mama huko. Alifariki tarehe kumi na mbili Agosti. Baba na mimi tulimpandisha kwa punda, njia nzima siku nzima, uso wake umefunikwa kwa sababu ya nzi. Tulipofika nyumbani ukafunuliwa kidogo tu, halafu jeneza likafungwa. Wiki moja baadaye nilijaribu kumkumbuka nikaona anafutika. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Jiwe lilikuwa limesimama pale kijitoni tangu enzi za babu, refu kama mtu, tunafunga punda hapo. Nilichukua tindo na nyundo ya Mjomba Santu, zile alizotumia kuchonga mawe ya kinu. Nilichonga siku sita. Nilikuwa peke yangu. Siku ya saba Baba alinikuta. Hakunipiga. Alileta maksai na mtaimbo, akaling'oa na kulilaza kifudifudi juu ya maji. Akaniambia niondoke, nisikanyage nyumbani akiwa hai. Nikaondoka.

Kwa hiyo mwambie huyo bibi ukweli: jiwe lake lina miaka thelathini na miwili, limechongwa na mchunga kondoo, naye siku hizi ni mgonga mihuri ya sabuni. Mwambie mapema, kabla hajaliandika gazetini na kuaibika. Mimi nimekwisha kusema, usiniulize zaidi.

Petru


Pietrafosca, 8 Julai 1956

Petru,

Sote wazima. Salamu zaidi sina.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Halafu nikavaa vazi la kanisani na kwenda kwa Bi Delorme, kwa sababu nilijua nikikaa nitaogopa. Njiani nikakutana na meya. Kijiji hiki hakina siri, mjane wa posta ananusa bahasha. Akanishika kiwiko.

"Bi Orsula, nasikia kakako ana hadithi."

"Ana ukweli, Bwana Meya."

"Ukweli wa mtu aliyekimbia kijiji miaka thelathini! Barabara inakuja, mama. Wewe funga mdomo, ulishe kondoo wako."

"Kondoo wangu wanalishwa tangu alfajiri," nikamwambia. "Wewe umelisha nini?" Nikampita.

Bi Delorme alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira. Alichukua kioo chake cha kukuzia, tukashuka wote wawili mpaka kijitoni. Akaniuliza, "Kaka yako alichonga upanga?" Nikasema hakuutaja. "Na mbavu za mgongoni?" Nikasema hakuzitaja. Akanionyesha: upanga na mbavu zimechongwa kwa kugonga jiwe kwa jiwe, na kingo zake zimelika kwa mvua na upepo. Mabega pia. Nyusi pia. Lakini pembeni mwa pua, na mdomoni, kuna mikato ya chuma, myembamba, haijachakaa. Macho hakuweza kuyaamua. Aliweka kioo, akayagusa kwa kidole, akarudia kioo. Mwishowe akaketi kwenye nyasi na daftari lake limefungwa, akasema, "Bi Orsula, leo asubuhi nilikuwa najua kitu."

Basi na mimi nikaketi. Tulikaa pale kama wajinga wawili.

Anaomba uje umwonyeshe mikato yako. Mimi nina ombi jingine. Nieleze kwa nini mliniacha nikanyage mgongo wake. Kila siku, Petru, na ndoo za maziwa, tangu nilipoweza kubeba ndoo. Wewe ulijua, Baba alijua. Mimi nilikuwa napangusa matope ya viatu juu yake. Na miaka yote hii nikiulizwa kwa nini kaka yako harudi, nasema mjini kumemkolea. Kumbe ulifukuzwa. Na kwa kosa gani hasa? Kijana anachonga uso wa marehemu mamaye, halafu anafukuzwa maisha? Kuna kitu hapa hakikai sawa.

Orsula


Pietrafosca, 20 Agosti 1956

Petru,

Wiki sita hujajibu. Meli mbili kwa wiki zinakuja na barua za watu wengine.

Jana nilimuuliza Baba uso kwa uso. Alikuwa akimenya vitunguu, hiyo ndiyo kazi anayoipenda sasa kwa kuwa analia bila kuulizwa. Nikasema, "Petru kaniandikia. Amesema yeye ndiye aliyechonga." Akaendelea kumenya. Halafu akasema, "Pua aliipata. Mdomo si wa Faustina." Nikamuuliza ni wa nani. Akasema, "Muulize mwenyewe. Mwambie aje, mimi sitaharakisha kufa ili yeye apate kurudi."

Nimekuandikia alivyosema. Sielewi, ila nimeandika.

Orsula


Marseille, 9 Septemba 1956

Mdogo wangu,

Nisamehe ukimya. Nimekaa jioni nyingi na kalamu.

Sijui upanga. Naapa sijui. Nikifumba macho naona mikono yangu inagonga, lakini sioni jiwe lilivyokuwa kabla. Labda lilikuwa na uso tayari chini ya ukoga, mimi nikafuata mistari ya mtu mwingine nikidhani ni kumbukumbu yangu. Miaka yote hii nimejiambia, angalau nilimchonga Mama. Sasa sijui nilimchonga nani. Nachanganyikiwa hata kazini. Juzi nimegonga mihuri mia mbili kichwa chini.

Kama Baba amesema nije, nitakuja na meli ya tarehe nne Oktoba. Usiwaambie watu.

Petru


Pietrafosca, 2 Novemba 1956

Kaka yangu,

Natumaini bahari ilikuwa tulivu kurudi na kwamba Lucienne ameipenda ile asali. Leo ni siku ya wafu, nimetoka makaburini. Nimeliosha kaburi la Mama kwa niaba yetu wote wawili. Kastania zimeanza kuanguka, nyumba nzima inanuka moshi wa kuzikaushia, na Baba anauliza kama umefika salama. Ameuliza mara tatu, kila mara anajifanya ni ya kwanza.

Ulikaa siku tisa na sikupata kukuuliza. Ulikuwa unashika kila chombo cha nyumbani kama mtu anayetaka kununua. Nimeridhika kwamba wewe na Baba mliketi kizingitini pale, naye akakwambia, "Umenenepa, nasikia kiti kinalia." Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Lakini siku ile ya jiwe. Bi Delorme alikupa chaki, akasema, "Bwana, weka alama pale ulipochonga wewe, na pengine paache." Ukasimama asubuhi nzima. Ukaweka alama pembeni mwa pua. Ukazungusha mdomo wote. Kwenye macho ukainua chaki na kuishusha, ukainua na kuishusha, ukayaacha. Nikakuuliza, "Hivi ndivyo alivyokuwa?" Ukasema, "Sikumbuki tena, Orsula. Nalikumbuka jiwe tu." Nilikuonea huruma.

Halafu ukatazama mdomo wa jiwe, ukanitazama mimi, ukatazama jiwe. Nilikuona. Bi Delorme pia alikuona. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema jua limekuingia machoni. Jua lilikuwa nyuma yako.

Bi Delorme ameondoka. Ameandika kwamba jiwe ni la kale, na kwamba pua na mdomo vimeguswa na mkono wa karibuni. Meya amenuna, lakini barabara imepimwa hata hivyo, wapimaji hawasomi. Jiwe linabaki kwetu. Kila mtu amepata jibu lake ila mimi. Mdomo ule ni wa nani?

Orsula


Marseille, 16 Desemba 1956

Mdogo wangu mpenzi,

Lucienne anawasalimu wote, asali imekwisha. Mwambie Baba nimefika salama, mwambie kila akiuliza.

Nilikudanganya kwamba nilikuwa peke yangu. Ulikuwepo.

Baada ya maziko ulikuwa hutaki kuniachia shati. Nilipoenda kijitoni nilikwenda nawe. Pua niliipata upesi, ilikuwa kama ya Baba lakini nyembamba. Mdomo ulinishinda. Wanawake kwenye matanga walikuwa wakisema una mdomo wa mama yako. Basi nikakuketisha juu ya gogo mbele yangu na kukuambia usitikisike. Uliniheshimu mno. Siku sita ulikaa, mpaka jioni, pale penye maji yaliyotuama, na mbu wa Agosti. Ukisema umechoka nilikuambia bado kidogo, tunamleta Mama. Ulikuwa unauliza, "Ameshafika?" Nami nasema, "Anakuja."

Siku ya saba Baba alitukuta. Mimi nilikuwa nagonga, wewe umeanguka kutoka kwenye gogo, unatetemeka, na mimi sijaona. Naomba uelewe hilo. Sikuona. Nilikuwa natazama jiwe. Baba alikubeba, akaniambia, "Umemfuata aliyekufa, umemwacha aliye hai." Homa ilikuwa ileile ya Mama. Wiki ya kwanza padri alikupaka mafuta ya wagonjwa. Ndipo Baba alipoliangusha jiwe, na mimi nikaondoka, sikungoja kuambiwa mara mbili. Shangazi Maddalena aliniandikia mwezi wa Oktoba kwamba umeamka na umeomba uji, na hukumbuki kitu. Akasema Baba ameamua usiambiwe, usije ukamchukia kaka yako. Mimi nilishukuru. Niliona ni heri nikumbukwe kama mtu aliyependa mjini.

Ndiyo hayo. Mdomo ni wako, wa miaka sita. Baba hakukosea, si wa Faustina, maana watu matangani husema chochote. Nilipokuona umesimama pembeni ya jiwe mwezi ule, una nywele nyeupe mbili tatu, nilitaka kukuambia, nikashindwa. Ukitaka kuninyamazia, nitaelewa.

Kakako,
Petru


Pietrafosca, 13 Januari 1957

Kaka Petru,

Salamu za mwaka mpya kwako na kwa wifi. Theluji imefunga njia ya juu, ndiyo maana nimechelewa, si kwa sababu nyingine. Kondoo wako chini. Baba ana kikohozi lakini anabishana, kwa hiyo si kikubwa.

Nimesoma barua yako mbele yake, neno kwa neno, kwa sauti. Ilipoisha alinyoosha mkono akanishika mdomo kwa vidole, akaupapasa kama alivyopapasa jiwe. Akasema, "Ulikuwa mdogo kama paka." Kisha akasema nimpe kahawa.

Nimejaribu kukukasirikia kwa ajili ya homa. Nimeshindwa. Mtoto aliyekaa juu ya gogo lile simjui, nasikia habari zake kama za jirani. Lakini hasira ninayo, na nitakuambia iko wapi. Nyinyi wawili mliketi mkaamua kwamba ni afadhali Orsula asiwe na kaka kuliko Orsula ajue kwamba aliwahi kuumwa. Homa ilinichukua mwezi mmoja. Nyinyi mmenichukulia miaka thelathini na miwili. Baba nimemwambia hivyohivyo, kwa maneno hayahaya, na hakugeukia ukutani.

Bado nimechanganyikiwa. Nikipita pale kijitoni sijui nisalimie nani: mtu wa upanga, au Mama, au mimi mwenyewe. Jana nimesema tu "Habari za asubuhi," nikapita na ndoo zangu.

Njoo Pasaka, pamoja na Lucienne. Usingoje kuandika kwamba unakuja. Tutaketi jikoni, nami nitakuuliza habari za Mama, kila kitu, alivyotembea, alivyokasirika, alikuwa anaimba nini akikanda unga. Unachokumbuka utaniambia. Usichokumbuka, sema hukumbuki, tukae wote wawili bila kukumbuka.

Nduguyo,
Orsula